Neno la Kiazi cha Mwisho

Baba alichimba chuma Kiruna miaka thelathini na mmoja,
na saa ya mapumziko, kule chini kabisa, taa kipajini,
aliandika kamusi ya watu wasiokuwapo.

Tumeikuta leo nyuma ya jiko:
madaftari tisa ya shule, yamefungwa kwa waya wa kulipulia baruti.
Tunahama. Mji mzima unahama,
ardhi imetobolewa mno,
na nyumba zinapakiwa nzimanzima kwenye malori
kama mayai.

Waovesi, ndivyo alivyowaita.
Wanaishi chini ya barafu ya mwezi asioupa jina,
kwani wenyewe hawajawahi kuuona kwa nje.
Hawana neno la *juu*. Nyota hawana.
Wana *ka*, upande wa joto,
na *shu*, upande uliobaki,
na kiapo chao kizito ni kumwambia mtu:
chukua ka yangu, mimi nitalala shu.

Mwanangu Eskil amechutama kando yangu.
"Babu hakuwapa hata vita," anasema.
Nafunua. Kweli, vita hamna.
Ila kusikiliza kuna maneno kumi na manne:
kusikiliza mwamba kama unataka kuanguka,
kusikiliza mwenzio kama bado anapumua,
kusikiliza huku unawaza supu.
Hili la mwisho lina alama ya mshangao
na pembeni, kwa penseli, jina la mama: Gunvor.

Kwa Kiovesi huwezi kuwa na kitu.
Kitu kinapumzika kwako.
Jiwe linapumzika kwangu. Mtoto anapumzika kwangu.
Na nyumba si jina, ni kitenzi:
leo nanyumba hapa,
jana tulinyumba kule,
bibi alinyumba mpaka akachoka.
Dirishani lori linarudi nyuma, pi, pi, pi.

Neno moja limefutwa na kuandikwa upya mara tano
hadi karatasi imetoboka. *Lothe*:
kumeza neno la mama yako mlangoni mwa darasa.

Kuhusu hilo baba hakutuambia kitu.
Bibi ndiye aliyetudokezea, siku moja, akimenya samaki:
mwalimu aliipiga marufuku lugha ya bonde la Torne,
ukikutwa nayo mdomoni unasimama nje, kwenye theluji.
Nimelitafuta *darasa* katika madaftari yote tisa.
Halimo.
Waovesi hawana shule. Wana mlango wake tu.

Halafu daftari la saba, herufi M,
nikakaa sakafuni.
*Mihu*: kitu cha mwisho sahanini,
ambacho kila mtu anamwachia mwenzake mpaka kinapoa.

Lakini mihu nalijua!
"Haya, nani anakula mihu?" baba akiuliza,
kiazi kimoja, mvuke umekwisha, mikono yetu mapajani.
Nilidhani ni neno la bibi.
Nimelitumia shuleni, na kazini, maabara ya hospitali,
nikamfundisha mume wangu, naye tulipoachana
akaondoka nalo, pamoja na redio,
hadi Luleå kwa mke mwingine.
Kwa hiyo huko, kwenye meza nisiyoijua,
kuna mwanamke anasema Kiovesi
na hakuna aliyemwambia.

Saa nane mchana, giza limeshatanda.
Nimetafuta neno la kuagana.
Ameacha mstari mtupu, na tarehe:
ile wiki aliyolazwa.
Eskil ananipa kalamu. Nairudisha.

Katika bati kumebaki biskuti moja ya tangawizi.
Ananisukumia. Namsukumia.
Nje wanaume wanakaza minyororo,
mmoja anagonga ukuta kwa kiganja, polepole, kisha anatega sikio,
na sijui ni lipi kati ya yale kumi na manne.
Biskuti bado iko pale.